Aliyetuambia Ndiye Tuliyemfungia Mlango

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, Kimara, Dar es Salaam, Jumapili tarehe 12 Desemba 2021. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Utani mwingi nimeuondoa, mmoja umenishinda.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwahi mpira, nawasalimu.

Katibu amenipa dakika ishirini na agizo moja: "Mzee, waambie watu kuhusu hiki kirusi kipya cha Korona, Omicron, maana wiki ijayo nusu ya chama ipo barabarani kwenda Moshi." Ni kweli. Mchaga asipoonekana kwao Desemba, watu huuliza kama bado yu hai au amefilisika. Na tangu mwisho wa Novemba simu yangu haijapumzika. Mnajua nilifanya kazi maabara mpaka nikastaafu, basi kila sauti inayozunguka WhatsApp lazima iletwe kwangu ipimwe. Moja ilisema dawa ya Omicron ni kuchemsha vitunguu, tangawizi, ndimu na pilipili kwa pamoja. Nilimsikilizisha mama nyumbani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nyama inaingia saa ngapi?"

Sasa naomba twende wote Gauteng, Afrika Kusini, mkoa wenye Johannesburg na Pretoria. Lililotokea kule mwezi uliopita ndilo ninalotaka mlishike kuliko jambo jingine lolote nitakalosema mchana huu.

Mtu akipimwa Korona, kile kijiti kikitoka puani kinakwenda kwenye mashine ya PCR. Mashine haisomi kirusi chote. Inatafuta vipande vichache tu vya vinasaba vyake, na kipimo walichokuwa wanakitumia baadhi ya maabara za kule kinatafuta vitatu. Vikionekana, jibu ni chanya, faili linafungwa. Mwezi Novemba wenzetu hao wakaanza kupata majibu ya ajabu: vipande viwili vinaonekana vizuri, cha tatu kimya. Zikaja sampuli kadhaa za namna hiyo, halafu zikazidi.

Niwape siri ya kazi. Ni saa kumi jioni, umesimama tangu asubuhi, trei imejaa sampuli, halafu kipande kimoja hakionekani. Kinachokujia kichwani kwanza si kirusi kipya hata kidogo. Unasema vitendanishi vimeharibika. Unasema umeme ulikatika usiku friji ikapata joto, au kijana wa zamu ya jana hakuchanganya sawasawa. Viwili vinatosha, unaandika "chanya", unavua glavu, unawahi daladala. Nimewahi kufanya hivyo kwa magonjwa mengine, Mungu anisamehe.

Wale hawakuwahi daladala. Walijua kwamba Delta, aina ya kirusi iliyokuwa imetawala kwao tangu katikati ya mwaka, haina tabia ya kukificha kipande kile. Basi anayekificha ni mwingine. Wakazipeleka sampuli kwa wenzao wanaosoma vinasaba vyote herufi kwa herufi, na kirusi hiki kina herufi karibu 30,000. Botswana nao walikuwa wamekikuta kitu kile kile kwenye sampuli zao. Tarehe 24 Novemba Afrika Kusini ikaiarifu WHO, Shirika la Afya Duniani. Tarehe 25 Profesa Tulio de Oliveira, mtaalamu wa vinasaba vya virusi kule kule, na wenzake wakakaa mbele ya wanahabari, dunia nzima ikasikia. Tarehe 26 WHO ikakiweka kwenye kundi la virusi vya kutia wasiwasi na kukipa jina, Omicron. Siku tatu! Mimi barua yangu ya kiinua mgongo ilikaa muda mrefu zaidi ya huo kwenye meza moja.

Hilo jina, kwa wanaouliza, ni herufi ya Kigiriki. Utaratibu ulianza mwisho wa Mei mwaka huu ili watu waache kuyaita magonjwa kwa majina ya nchi za wenzao. Zamu ilikuwa ya herufi Nu, wakairuka kwa sababu inatamkwa karibu sawa na neno la Kiingereza la "mpya". Wakairuka na Xi kwa sababu ni jina la ukoo la watu wengi, na mmoja wao mnamfahamu.

Wengine mmeniuliza kirusi kinabadilikaje, kwani kina akili? Hakina. Mliosoma kwa kudesa mtaelewa upesi. Wa kwanza ana notisi sahihi. Wa pili anazinakili usiku kwa koroboi, anakosea neno. Wa tatu anadesa kwa wa pili, anabeba kosa lile na kuongeza la kwake. Makosa mengi ni hasara tupu, mtu anafeli na desa linaishia hapo. Ila mara moja moja kosa linatokea likazifanya notisi kuwa fupi na rahisi kushika, basi darasa zima linagombania desa hilo. Kirusi kinajinakili hivyo ndani ya mwili, mara nyingi kupita kuhesabika, na kila anayeambukizwa ni darasa jipya. Omicron ina makosa zaidi ya 30 kwenye ile miiba peke yake, ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye chembe za mwili. Ndiyo maana inakimbia kuliko Delta, na ndiyo maana aliyeugua mwaka jana anaweza kuugua tena. Madaktari wa Gauteng wanasema wengi wanaowaona wana dalili nyepesi: kichwa, uchovu, mwili kuuma. Nimefurahi kusikia. Lakini ugonjwa mwepesi ukiwapata watu wengi mno kwa wakati mmoja unajaza wodi vilevile, na bibi wa miaka themanini mwenye kisukari kule Kibosho si kijana wa Pretoria.

Haya. Baada ya kazi ile, waliambiwa asante?

Tarehe 26 ile ile Uingereza ilisimamisha ndege za nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani ikafunga tarehe 29, yenyewe ikataja nane, Malawi na Msumbiji zikiwemo. Malawi wakati huo ilikuwa haijatangaza mgonjwa hata mmoja wa Omicron. Kosa lake ni kukaa jirani. Tarehe 28 Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini alihutubia taifa lake akasema amesikitishwa sana, na kwamba zuio hilo halina msingi. Alizungumza kwa upole. Mimi nisingeweza.

Sikilizeni na la Amsterdam. Tarehe 26 hiyo hiyo ndege mbili kutoka Afrika Kusini zilitua pale, abiria zaidi ya 600 wakazuiwa kwa saa nyingi, 61 wakakutwa na Korona. Picha zikaenda dunia nzima: ona, Waafrika wameleta. Siku nne baadaye Waholanzi wakafungua sampuli zao wenyewe za nyuma, wakaikuta Omicron kwenye za tarehe 19 na 23 Novemba, kabla Afrika Kusini haijafungua mdomo. Mgeni alikuwa amekwisha kukaa sebuleni, ameshakunywa chai, wao ndiyo wanakimbilia kufunga geti.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba msininunie.

Februari mwaka huu, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa walipofika Angola. Walikuwa na kirusi chenye mabadiliko zaidi ya 30, cha tawi la zamani ambalo kwingine lilikuwa karibu limekwisha kusahaulika. Wataalamu wakakiita A.VOI.V2, jina ambalo hakuna aliyelikumbuka siku iliyofuata, bahati yetu. Hatukukiona sisi, kilionwa Luanda. Na Jumapili iliyopita, tarehe 5, mji wa Delhi kule India umetangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Omicron. Alikuwa ametokea wapi? Tanzania. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja, habari za nyumbani kwetu tunaletewa na watu wa mbali waliotuchungulia puani.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "Omicron ya Afrika Kusini", ninamuuliza: umejuaje kuwa ni ya Afrika Kusini? Kwa sababu wao ndio walioangalia. Asiyeangalia ana mikono safi siku zote.

Sisi mwaka 2020 tulitoa hesabu yetu ya mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya kikatanda zaidi ya mwaka. Siku Rais Samia alipokaa na wahariri, tarehe 28 Juni mwaka huu, akasema wapo wagonjwa kama 100 na kwamba 70 kati yao wako kwenye oksijeni, niliweka kikombe chini. Idadi ile haikunitisha. Nilichokisikia ni kwamba kuna mtu amehesabu tena.

Lakini kimya kile hakikuwa kimya kila mahali, maana chama hiki kina daftari. Lile pale mezani, kaunta buku la jalada jekundu. Juzi katibu aliniruhusu nikae nalo jioni nzima. Safu ya kwanza jina la marehemu, ya pili uhusiano na mwanachama, ya tatu tarehe, ya nne rambirambi, ya tano sababu. Mwaka 2019 mwandiko wa katibu umetulia, mistari imeachiana nafasi. Ukifika Februari na Machi mwaka huu herufi zimebanana mpaka pembeni mwa ukurasa, na kuna mahali mstari mmoja umebeba majina mawili: mume, na chini ya jina lake, kwa kalamu nyingine, mke. Safu ya sababu inasema "kifua". Inasema "nimonia". Inasema "presha". Na mara nyingi, kwa mwandiko nadhifu kabisa, "changamoto ya upumuaji". Mnakumbuka neno lile? Tulilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni la mwenzake mbele za watu.

Wapo waliosema. Januari maaskofu wetu wa TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walituandikia waraka kutuonya kwamba wimbi limerudi. Zanzibar, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilitangaza wazi kwamba mzee ana Korona. Alifariki tarehe 17 Februari akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mtu mkubwa, na ugonjwa wake ukatajwa kwa jina lake. Lakini sitaki tukae tunazungumzia wakubwa tu, ni rahisi mno. Nataka tuzungumze juu yetu humu ndani.

Agosti, wakati wa Delta, mwenzetu mmoja aliandika kwenye kundi la chama saa nne usiku. Nimemwomba ruhusa kulisema hili, amekubali, jina nimwachie. Aliandika: "Ndugu zangu, nimepimwa leo, nina Korona. Tuliokaa wote kwenye msiba wa Mbezi Jumamosi, jiangalieni, na wenye wazazi nyumbani wawatenge kidogo." Mistari miwili. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuandika "homa kidogo, niombeeni", na sisi tungemwombea kwa moyo mweupe.

Tukafanya nini? Mikono ya kuomba ilijaa kwenye simu. Asubuhi yake zikaanza simu za pembeni. Alikuwa na nani? Alikula wapi? Mke wake ana genge la mboga pale barabarani. Wiki mbili nyanya zilimwozea, na hata yeye alipopima akakutwa hana kitu, wateja walikuwa wamekwisha kuzoea genge la mbele. Watoto wao wakaambiwa na wenzao wasikanyage uani kwa watu. Kamati, ambayo na mimi nimo, ilimtumia ujumbe wa adabu kwamba "apumzike" na vikao. Mwisho wa Agosti alikuwa amepona. Tulimwita tena Oktoba.

Na mimi, mtu wa maabara, ninayejua siku za kuambukiza zinaanza lini na kwisha lini, nilikuwa nikifika kwenye kona ya nyumba yake ninapita njia nyingine. Nilijua hakuna hatari. Nilipita njia nyingine.

Basi Septemba wakatokea wenzetu wawili, wanakohoa mpaka suruali zinawapwaya. Wote wawili: malaria. Mmoja alikaa kwenye matanga siku tatu, ndiye aliyekuwa anagawa chai. Namlaumuje? Alikuwa ameona nyanya zinavyooza. Tulimpa somo sisi wenyewe, bila ubao wala chaki.

Kwa hiyo wasiwasi wenu juu ya kirusi kipya ninauheshimu. Mwenye mama mzee na asiye na wasiwasi ana kasoro. Ila mnautupa upande usio wake. Mnaogopa nchi iliyosema, mnaogopa jirani aliyesema, halafu mnakaa bega kwa bega na asiyesema, mnapokezana kipaza sauti.

Safari. Nitakwenda haraka, maana mengi mnayajua, ila kujua na kufanya ni mitaa miwili tofauti. Ndani ya basi fungueni dirisha, hata abiria wa nyuma akilalamikia upepo. Barakoa ifunike pua. Ile ya kidevuni inazuia ndevu tu. Mwenye mafua au homa siku ya safari abaki, na nauli ya watu imekufa, ndiyo, najua bei za Desemba.

Kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi, nitazungumza kwa unyenyekevu. Ninajua kata ikizunguka inaanza kwa mkubwa, na ninajua kuikataa ni kama kumwambia mwenzako humwamini. Wiki iliyopita nilimpigia kaka yangu mkubwa kule Old Moshi, nikamweleza kwa kuzunguka sana, nikataja mate, nikataja wazee waliotangulia mwaka huu. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Njooni na vikombe vyenu vya plastiki. Mbege ndiyo itakayoona aibu, si mimi." Nimeichukua kama baraka, na nyote mnaweza kuitumia, semeni mzee wa Old Moshi ameruhusu.

Chanjo. Rais alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai, kwenye uzinduzi. Shehena ya kwanza ilikuwa dozi 1,058,400 za Janssen, ile ya sindano moja, kwa nchi yenye watu wanaokaribia milioni 60. Kwa kawaida kitu kidogo hivyo kingegombaniwa kama sukari ya mgao. Mpaka Oktoba zilikuwa bado zinatafutiwa mikono. Na nitawaambia ni kwa nini bibi wengi vijijini hawajachanjwa. Si kwa sababu ya umbali, na wala si ukaidi. Ni kwa sababu wajukuu wa mjini ndio waliowatumia zile video. Bibi hana intaneti ya kutafuta uongo mwenyewe, alipelekewa na mtu anayempenda. Sasa mtu huyo huyo apande naye bodaboda mpaka kituo cha afya, amshike mkono. Mwenye sindano yake tayari bado anaweza kuambukizwa Omicron, nisiwadanganye, lakini kinga aliyonayo mwilini inampa nafasi nzuri zaidi ya kuugulia nyumbani kuliko kwenye mtungi wa oksijeni.

Mwenyekiti, ninaona unaitazama saa. Nina mambo mawili niombe yaingie kwenye muhtasari, na kama kuna wa kupinga apinge hapa hapa, asisubiri kwenye kundi saa sita usiku.

La kwanza, mwanachama akituambia anaumwa Korona, ya aina yoyote, mfuko wa ugonjwa utoe kama unavyotoa kwa mtu aliyevunjika mguu. Chakula kifikishwe mlangoni, simu ipigwe kila siku mpaka apone, na daktari akisema amemaliza siku zake arudi kwenye kikao kinachofuata, bila barua za adabu. Na mwenye genge, tununue kwake. Malipo yaende kwa simu, mboga ziachwe getini, hakuna atakayekufa.

La pili, ile safu ya tano. Katibu aandike alichoambiwa na familia, sawa, hatuwezi kumpekua marehemu. Lakini familia ikisema Korona, aandike Korona, na hakuna mjumbe atakayemwendea mjane pembeni kumshauri neno laini zaidi. Tulifanya hivyo mara moja Machi. Wanaohusika tunajuana.

Nimemaliza, ila jambo dogo. Huyo mwenzetu wa Agosti yupo humu ukumbini. Amekaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, ndiko anakokaa tangu tulipomrudisha Oktoba, na viti viwili vya pembeni yake viko wazi wakati kuna vijana wamesimama mlangoni. Ndugu yangu, mimi nahamia huko. Vijana, nipisheni, na mmoja wenu achukue hicho cha upande wa pili.